Kuku, Mwambie Mwenye Mashine

Dukani kwangu Chapwa, hapa Tunduma, nauza vipuri vya chensoo, pampu za kumwagilia na mashine nyingine ndogo za petroli. Darini, juu ya makopo ya oili, inaning'inia ndege ya kurushwa kwa rimoti, yenye mabawa mekundu yanayozidi urefu wangu, na puani mwake kuna mashine ya petroli inayoenea kiganjani. Hiyo haiuzwi. Wazambia wanaovuka mpaka kuja kutafuta vipuri hunisalimia "mulishani", na kabla hawajataja walichofuata tayari shingo zimeinuka juu. Mmoja aliwahi kuniuliza kama mashine ile inasaga karanga. Mimi subira sina, kila anayenijua anajua, kwa hiyo siku hizi nawajibu kwamba ni ya marehemu mume wangu, nao hurudia habari ya vipuri. Wala si uongo. Ila leo ndege ile ina wenyewe wawili, mimi na baba mkwe wangu wa Mbebe, na kila nikiiwasha najikuta nashukuru.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Safari moja alirudi kutoka upande wa pili wa mpaka na ndege hiyo nyuma ya kiti, bawa moja limevunjika, tumbo la bawa lina tundu la kupitisha ngumi. Nilimfokea. Nilimwambia wenzake wanarudi na vitenge, yeye anarudi na takataka za watoto wa matajiri. Alicheka, akaenda uani, akaunga bawa kwa gundi na vipande vya mwanzi, na lile tundu akaliziba kwa kiraka cha turubai la bluu alilokuwa akifunikia mizigo. Kiraka hakikuendana na chochote. Nilimwambia hivyo pia.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunaipeleka uwanja wa mpira. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia. Mashine ile haina kamba ya kuvuta kama chensoo. Unafunga choki ili hewa ipungue, unazungusha pangaboi kwa mkono uliovaa glavu nene mpaka ikohoe, unafungua choki, unazungusha tena, na ikiwaka inataka kuondoka saa hiyo hiyo, kwa hiyo lazima mtu awe ameshika mkia kwa nguvu zote. Yeye mbele, mimi nyuma, vumbi lote usoni kwangu. Baadaye alinifundisha kuirusha, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu yeye alikuwa akikaa safarini muda mrefu na petroli ikilala kwenye kabureta inaacha gundi. Ilibidi mtu aiwashe. Nikajua kuipaisha na kuitua, na siku ya kwanza niliyoitua bila kuvunja kitu, mume wangu alikimbia uwanja mzima akipiga mayowe kama timu yake imefunga bao.

Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikipewa petroli nyingi inaimba vizuri, ukiipunguza iende polepole inakohoa na kuzima. Mume wangu hakujali. Yeye alirusha ndege kama alivyoendesha lori, mguu chini, halafu anazima na kuiacha ishuke yenyewe.

Alifariki kwa ugonjwa wa muda mfupi, na hapo sitaongeza neno. Nitasema tu kwamba wiki zile watu walipokuwa wanakuja kunipa pole, wengi waliniambia nijikaze, na nilitaka kuwatoa nje mmoja mmoja. Siku moja nikachukua ndege, nikaenda uwanjani peke yangu, nikafunga mkia kwa kamba kwenye mwimo wa goli, nikaanza kuzungusha pangaboi. Iligoma. Nikaitukana. Ikanichapa kidole. Nikafungua plagi, nikaifuta, nikairudisha, nikazungusha tena, na ilipowaka nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimelia. Mashine ya namna ile haikubali ufanye jambo jingine ukiwa nayo. Nilirudi nyumbani nanuka petroli na nikalala vizuri.

Sasa niseme kuhusu wakwe. Mimi ni mtoto wa mpakani, nimekulia kwenye kelele za Tunduma, kila mtu anaongea na kila mtu. Mume wangu alitoka Mbebe, juu huko Ileje, kwenye familia ya wakulima wa kahawa na mahindi, watu wa kanisa, lakini wazee wao bado wanashika mwiko wa mkwe. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hamkai sebule moja, hamsemeshani. Harusini nilikuwa nimefunikwa shela, na mzee alisimama nyuma ya watu. Mwanzoni niliona ni kudharauliwa. Mume wangu akanieleza kwamba kwao hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, kwamba mzee asiyemkwepa mkwe wake ni mzee asiyemthamini. Nikasema sawa, nitakwepwa.

Baada ya mazishi nilidhani habari yangu na Mbebe imekwisha. Haikuisha. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, mama mkwe alinipigia simu kuuliza, "Mama, unakuja lini? Kitanda chako nimekitandika." Hakuuliza kama nakuja. Naandika hili kwa sababu najua wanawake ambao baada ya msiba walirudishiwa nguo zao kwenye mfuko. Mimi nilitandikiwa kitanda, na namshukuru mama yule mpaka leo.

Nikaenda, na ndege nikaifunga juu ya mizigo, maana sikutaka petroli ilale. Kule, kwa heshima, niliiwashia nyuma kabisa, ng'ambo ya migomba, mkia nimeufunga kwenye kisiki. Mzee alikuwa anakaa kibarazani upande wa mbele. Nilihakikisha haioni ndege wala hanioni mimi. Nilijiona mkwe mwenye adabu kweli kweli.

Siku ya pili, moshi wa bluu umejaa migombani, mashine inakohoa na kuzima, mimi naisema maneno ambayo mkwe hatakiwi kuyasema, nikasikia sauti ya mwanamume ng'ambo ya migomba. Ilikuwa inaongea na kuku.

"We kuku," ilisema sauti, taratibu, kwa lafudhi ya milimani, "mwambie mwenye mashine oili imezidi. Anaipa kama anapaka mtoto."

Nilisimama na glavu mkononi. Kuku mwenyewe alikuwa anachakura majani, hana habari. Mzee alikuwa amewahi kumiliki mashine ya kusaga na nyingine ya kumenya kahawa, hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba mwiko una mlango wa namna hiyo. Na alikuwa amesema kweli. Huku kwetu sote tunachanganya oili na petroli kwa jicho, na tunamimina kwa ukarimu, tukiamini oili ikizidi mashine inapata raha. Wateja wangu wanafanya hivyo, mume wangu alifanya hivyo, na mimi muuza oili nilifanya hivyo kuliko wote.

"Kuku," nikasema, "muulize mzee nipunguze kiasi gani."

Kuku akaendelea kuchakura. Halafu, "Kuku, mwambie nusu ya hiyo. Na plagi aisugue, itakuwa nyeusi."

Nikasugua plagi. Ilikuwa nyeusi. Nikachanganya petroli upya, na moshi ukapungua mpaka nikaiona migomba. Toka siku hiyo kila nilipokwenda Mbebe tulikuwa na mazungumzo yetu, mimi upande huu, mzee upande ule, na kuku katikati. Wakati mwingine kuku hayupo, basi aliongea na jembe. Mama mkwe alipita akiwa na ndoo, akatingisha kichwa, akasema nyumba hii imeingiliwa na wendawazimu.

Yeye ndiye aliyenitobolea siri. Tulikuwa jikoni, anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa kwamba mzee ana presha ya macho. Hospitali walisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu. Pembeni haoni tena. Anaona mbele tu, kama anachungulia kwenye kipande cha mwanzi, na mwanzi wenyewe unazidi kuwa mwembamba.

"Anataka kuiona ndege ya mwanae," akasema. "Ikiwa juu. Anajua ataiona mwaka huu au hataiona kabisa."

"Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Kuku?" Akaniangalia. "Alidhani unaificha kule nyuma kwa sababu hutaki kuonwa. Hakutaka kukuvunjia heshima."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Misimu yote ile nilikuwa naificha ndege ili nimheshimu, naye alikuwa anajinyima kuitazama ili aniheshimu, na macho yalikuwa yanaondoka huku sisi tunapeana adabu. Watu wa mahali pengine wangeulizana tu.

Basi kazi ikawa moja. Mzee aione ndege ikiwa hewani, na aione kabla mwanzi haujaziba. Tatizo ni ule ugonjwa wa zamani. Ndege ikienda kasi, mtu mwenye macho yale haipati, na ili iende polepole lazima mashine ikubali kunguruma chini bila kuzima. Oili tulishairekebisha, ila bado ilikuwa inakohoa. Nikamweleza kuku shida yangu yote.

"Kuku," sauti ikajibu, "mwambie kabureta ina skrubu mbili. Anageuza ya kwenda kasi kila siku, namsikia. Hiyo aiache. Ageuze ile ya chini, kidogo sana, halafu asubiri. Shida yake hasubiri."

Hilo la mwisho liliniuma kwa sababu mume wangu alikuwa akinisema hivyo hivyo. Nikageuza kidogo kuliko upana wa ukucha, nikakaa juu ya kisiki, nikasubiri. Ikakohoa. Nikageuza tena. Jioni mashine ilinguruma chini, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ikaendelea mpaka petroli ilipokwisha yenyewe, na ng'ambo ya migomba nikasikia mzee anapiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga mazungumzo.

Tulichagua Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, wanafunzi hawapo. Ukungu ulichelewa kuondoka. Mzee alikaa kwenye kigoda na kofia yake, mama mkwe pembeni yake, mimi mbali mwisho wa uwanja, kitenge nimejitanda kichwani. Kamba nilikuwa nayo, ila goli za shule hiyo ni miti iliyoegemezwa tu, nilipoivuta mmoja ukaanguka. Mama mkwe nyonga zake haziruhusu kuchuchumaa ashike mkia. Nilibaki nimeshika pangaboi, natafuta kisiki, natafuta jiwe, ukungu umeshatoka na upepo unaanza, na nilijua upepo ukikolea hatutarusha kitu.

Mzee akainuka. Alikuja taratibu akifuata mpaka wa uwanja kwa fimbo. Mimi nikageuka upande, nikavuta kitenge. Nilisikia magoti yake yakilia alipopiga magoti nyuma ya ndege, akaushika mkia kwa mikono miwili. Nilipochungulia chini ya kitenge niliona amefumba macho. Macho yenyewe yamebaki kidogo vile, na ameyafumba ili nifanye kazi yangu kwa amani.

Sikuwahi kuiomba mashine kitu chochote kama nilivyoiomba siku ile. Nikafunga choki, nikazungusha, ikakohoa. Nikafungua, nikazungusha. Ikawaka. Vumbi lote likamwendea mzee usoni, mahali pangu pa zamani, naye hakuachia mpaka nilipozunguka nyuma na kusema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, "Sasa."

Ikapaa. Niliipitisha mbele ya uwanja toka kushoto kwenda kulia, chini, polepole, nzuri kabisa. Mama mkwe aliyekuwa amemfikia mumewe akaonyesha kidole, "Ile pale! Ile pale!" Mzee akageuza kichwa. Ilikuwa imeshapita. Nikairudisha kulia kwenda kushoto. Akachelewa tena.

"Naisikia tu," akasema. Hakulalamika, alisema kama mtu anayetoa taarifa.

Hapo nikaelewa. Kitu kinachopita mbele ya mwanzi kinaonekana kufumba na kufumbua. Kinachobaki ndani yake ni kile kinachokuja moja kwa moja. Na kurusha ndege ije moja kwa moja usoni kwako ndiyo shida kuliko zote, maana kulia kunakuwa kushoto na mikono inakusaliti, na zaidi ya hapo, nilichokuwa nafikiria kufanya ni kile kitu ambacho mkwe hafanyi maisha yake yote: kumwendea baba mkwe usoni.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi cha kuona mshono wa kola ya koti lake. Sikuwahi kuwa karibu hivyo. Nikaipeleka ndege mbali mpaka juu ya mikaratusi, nikaigeuza, nikapunguza petroli mpaka mwisho. Mashine ikashuka sauti. Ta-ta-ta. Ikiwa itazima, itazima sasa. Haikuzima. Ikaja juu ya uwanja kama inatembea, pua imetuelekea, mabawa yametanda huku na huku, na sikuipindisha.

Mzee akasema, "Aa."

Akavua kofia. Ndege ikaja, ikakua, ikapita juu ya vichwa vyetu ikionyesha tumbo lake lote, na yeye akainua uso akaifuata mpaka shingo ikakataa. Nikairudisha mbali, nikaileta tena. Nikaileta tena na tena, mpaka petroli ikakatika ikiwa hewani, na nikaitua kimya kimya kwenye majani, karibu na mbuzi wa mwalimu.

"Mwambie," mzee akamwambia mkewe, kofia bado mkononi, "nimeiona yote. Nimeona hata kile kiraka cha bluu. Ni cha turubai, sivyo? Hiyo ni kazi ya mwanangu, alikuwa haoni haya kuchanganya rangi."

Mama mkwe akanigeukia ili aniambie, akakuta sifai kuambiwa kitu. Nilikuwa nalia kama sikuwahi kulia, kwa sauti, kwa furaha na kwa yote mengine, na namshukuru Mungu hakuna aliyeniambia nijikaze.

Macho ya mzee yalizima kabisa kabla ya msimu uliofuata. Nilipofika Mbebe, mama mkwe alinishika mkono mlangoni, akanipeleka moja kwa moja kibarazani, akanikalisha kwenye kigoda kando ya mzee. Nikataka kusimama. Akanikandamiza bega. "Mwiko ulikuwa wa macho," akasema, "na macho yameondoka. Ongeeni kama watu." Sijui kama wazee wengine wa pale wangekubaliana naye. Hakuwauliza.

Nilikunja upindo wa kitenge, nikaukunjua. Kuku akapita.

"Wewe ndiye mwenye mashine?" mzee akauliza.

"Ndimi, baba."

"Basi kuku wapumzike."

Sasa mashine tunaiwashia mbele ya nyumba. Yeye anashika mkia, mimi nazungusha pangaboi, na anaongea nami siku nzima kufidia miaka yote, mpaka wakati mwingine nakumbuka ule utulivu wa migombani. Mwaka huu jirani mmoja alikuja kusalimia, akatukuta hivyo, akanivuta pembeni na kusema kwa huruma, akidhani hasikiki, kwamba inasikitisha mzee amepofuka bila kuwahi kuiona hata mara moja sura ya mkwe wake.

Mzee alikuwa bado ameshika mkia, mashine inanguruma chini.

"Nilimwona," akasema. "Alinijia usoni moja kwa moja, polepole, na hakupinda." Kisha akainamisha sikio. "Mama, geuza ile skrubu ya chini. Imeanza kunywa petroli."

Nikaigeuza kidogo, nikasubiri, ikatulia.